Kushusha gia bila kuunguza breki: shajara ya Starlet yangu, Lushoto mpaka Mombo

Gari ni Toyota Starlet EP91, injini ya 4E-FE cc 1331, manyuali gia tano, mbele diski nyuma drum. Mimi nakaa Korogwe, mama yuko Lushoto juu, kwa hiyo mara mbili au tatu kwa mwezi napanda na kushuka ile barabara ya Mombo–Soni–Lushoto, kama kilomita 33 hivi na tofauti ya kimo inakaribia mita 1,000. Kila hatua ikiisha naongeza hapa, na gharama naweka zote, mwenye gari ya manyuali anayetaka kujifunza kushusha gia asianzie kwenye makosa niliyoanzia mimi.

Jumapili, 2 Juni 2024

Nimeendesha otomatiki miaka sita. Hii Starlet nimeichukua Machi na nilichojua ni kupandisha gia tu, kushusha nilikuwa nafanya pale gari inapotaka kuzima. Kwenye mteremko nilikuwa naweka frii kabisa, yaani hakuna gia iliyoingia, naiacha ishuke yenyewe nikiamini naokoa mafuta, na kila kona nakanyaga breki.

Leo tumetoka Lushoto saa nne asubuhi, mama mbele, nyuma dada na watoto wake wawili, buti ina viroba viwili vya viazi na kabichi juu. Kabla ya Soni nikaanza kusikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua, nikadhani ni ya Fuso iliyokuwa mbele yetu. Tukapita maporomoko ya Soni, zikaanza zile kona za korongoni, kona ya tatu au ya nne nakanyaga breki pedeli inazama laini kama nimekanyaga sponji na gari haipungui. Nikapampu mara nne ikashika kidogo, nikavuta handbreki, nikasukumiza gia ya pili na kuachia klachi yote kwa mkupuo, gari ikaruka wote tukaenda mbele, ila ikapungua. Nikasimama upande wa mlimani. Mama alikuwa na limau mkononi la kichefuchefu, amelibana mpaka limepasuka na hakusema neno.

Moshi mwembamba unatoka tairi za mbele. Nikachukua maji ya kunywa, chupa ya lita moja na nusu, nikamwagia diski zote mbili, zikalia chwaaa. Hilo ni kosa jingine na litarudi huko chini kwenye gharama.

Tumekaa pale dakika 40. Kilichobaki nimekishuka chote na gia ya pili polepole, na breki zilikuwa zimerudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ndo nikaanza kujiuliza vizuri.

Jumamosi, 8 Juni

Gereji. Fundi kafungua, fluidi ya breki imekuwa ya kahawia kama chai ya rangi, pedi za mbele zimeungua uso unang'aa kama kioo. Kilichotokea ni hivi: fluidi ya breki inanyonya unyevu wa hewani taratibu. DOT 3, daraja mojawapo la fluidi hiyo, kwa kiwango chake ikiwa mpya ichemke si chini ya nyuzi 205, ikishanyonya maji inashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabonyea tofauti na fluidi, basi mguu unashuka na nguvu haifiki kwenye pedi. Ikipoa mvuke unarudi kuwa fluidi, ndo maana breki "zilirudi" baada ya dakika 40.

Nikakaa na kalamu. Gari na watu na viazi tuseme tani moja, imeshuka mita 1,000. Joto lililomo humo, kabla hujatoa kinacholiwa na upepo na matairi, linatosha kuchemsha ndoo ya lita 20 ya maji ya baridi na bado linabaki. Mimi ule mzigo wote nilikuwa naupeleka kwenye diski mbili ndogo, injini iko pale haifanyi kazi yoyote.

Fluidi DOT 4 sh 15,000, pedi za mbele 40,000, ufundi na kutoa hewa 20,000. Jumla 75,000.

Narudi nyumbani, gari ikifika 80 nikigusa breki usukani unatetemeka. Diski zimepinda kwa sababu ya yale maji niliyomwaga zikiwa za moto. Nimezipeleka kwa fundi wa kukereza, 30,000 zote mbili, na kanionyesha ukingoni ufa mdogo kama unywele ambao bahati nzuri haukuingia ndani. Breki zikipata moto simama tu upozee, weka gia na jiwe kwenye tairi, maji peleka kwingine.

Jumapili, 16 Juni

Hapa mtaani kuna mzee aliyeendesha malori ya mkonge miaka mingi, kaanzia na Bedford akamalizia na Fuso. Nikamfuata, shikamoo mzee, marahaba, nikamweleza. Akaniuliza swali moja, "Ulipanda na gia gani?" Nikamwambia sehemu kubwa ya tatu, pale pakali ya pili. Akasema, "Basi hizo hizo ndo za kushukia mwanangu, gia ya kupandia ndiyo ya kushukia, breki ni ya kusimamia."

Tukaenda barabara ya vumbi ndani ya mashamba ya mkonge, imenyooka na haina watu. Akasema nionyeshe. Nikaenda 60 na gia ya nne, nikakanyaga klachi, nikaweka ya tatu, nikaachia klachi. Gari ikashtuka, pua ikainama. Ya tatu kwenda ya pili ikawa vibaya zaidi, tairi za mbele zikaburuza kwenye vumbi kabisa. Mzee akashika dashibodi, akasema injini imelala na wewe unaiamsha kwa kofi. Iamshe kwanza ndo uishike mkono.

Hiyo sentensi ndo kazi nzima ya miezi hii. Ukiwa 40 na gia ya tatu injini inazunguka taratibu, kwa mwendo ule ule gia ya pili inadai izunguke haraka zaidi. Usipoipandisha wewe kwa mguu wa mafuta, itapandishwa na matairi kupitia klachi, na ule mshtuko ndo bei yake.

Gharama: petroli ya lita tatu, na lita ilikuwa elfu tatu mia mbili na kitu.

Jumamosi, 6 Julai

Starlet yangu haina mshale wa resi (mizunguko ya injini kwa dakika) kwenye dashibodi, ina spidi, joto na mafuta basi. Mzee anasikiliza kwa sikio ila sikio langu bado, kwa hiyo nimenunua geji ya resi ya kufunga, 55,000.

Kuifunga ni rahisi kuliko nilivyoogopa. Waya wa umeme unaowaka na switchi, waya wa bodi, na waya wa ishara. Ule wa ishara fungua boneti, kuna kiboksi cha plastiki kimeandikwa DIAGNOSIS, ndani yake kuna tundu la IG-, unachomeka hapo. Usikate waya wowote wa kompyuta ya gari.

Kilichonipotezea siku mbili: geji ikawa inasoma 400 gari ikiwa imesimama inaunguruma. Nikadhani waya haujakaa, nikahamisha bodi mara tatu, nikasafisha tundu, nikarudi dukani kugombana. Kumbe nyuma ya geji kuna kiswichi cha 4, 6, 8, yaani silinda ngapi, na ilikuwa kwenye 8. Gari yangu ina 4 kwa hiyo inasoma nusu. Nikasogeza, 800. Mwenye duka nimemfuata kumuomba radhi.

Halafu nikazunguka barabara tambarare nasoma na mdogo wangu anaandika. Hizi ni za gari yangu na matairi yangu, ya kwako pima mwenyewe:

Mwendo 20: gia ya kwanza 2,500, ya pili 1,350.
Mwendo 40: ya pili 2,700, ya tatu 1,850.
Mwendo 60: ya pili 4,000, ya tatu 2,750, ya nne 2,050.
Mwendo 80: ya nne 2,700, ya tano 2,300.

Angalia vizuri utaona kitu kilichonifurahisha sana. Ukishuka kutoka ya tatu kwenda ya pili resi zinazidishwa karibu mara moja na nusu, mwendo wowote ule. Nne kwenda tatu ni mara 1.35 hivi. Tano kwenda nne kidogo tu, 1.2. Lakini pili kwenda kwanza ni karibu mara mbili, ndo maana gia ya kwanza inagoma na kulia ukiilazimisha gari ikiwa inatembea. Huna haja ya kukariri namba zote, kariri ruka ya kila gia.

Jumamosi, 13 Julai

Mazoezi ya mkonge, wiki nzima jioni jioni. Mpangilio ni huu: klachi chini, gia inatoka tatu inaingia pili, wakati mkono unapita kati mguu wa kulia unagusa mafuta mara moja vruum na kuachia, resi zinapanda zinapita kidogo pale unapotaka, zikianza kurudi ndo unaachia klachi. Ikikaa sawa huhisi chochote, unasikia tu sauti ya injini imebadilika na gari imeshikwa.

Kwa wiki hii nimekosea namna tatu.

Kwanza mguso mdogo mno, resi zinafika 2,100 wakati zinatakiwa 2,700, kichwa kinakwenda mbele. Halafu nikazidisha, zikafika 3,500, gari inaruka kwenda mbele badala ya kupungua, na hii kwenye mteremko ni hatari kuliko ya kwanza. Dawa ya zote mbili niliipata gari ikiwa imesimama frii, nikakaa nusu saa uani nagusa tu mafuta na kuangalia geji, mguso wa 700, mguso wa 900, mpaka mguu ukajua wenyewe. Majirani walikuja kuuliza gari ina tatizo gani.

Ya tatu ndo mbaya maana haikuonekana kama kosa. Nikiona mguso umekosea nilikuwa naachia klachi polepole sana, sekunde mbili tatu, inateleza mpaka inashika, hakuna mshtuko, abiria hajui. Nikaona nimepata njia ya mkato, nikaitumia siku nne.

Jumamosi, 27 Julai

Hiyo njia ya mkato imekula klachi.

Tulipopanda Lushoto wiki iliyopita, juu ya Soni, gia ya tatu nakanyaga mafuta geji inapanda 3,000, 3,400, na spidi iko pale pale 45. Harufu ikaja, si ile ya breki, hii ni kali zaidi kama karatasi iliyounguzwa na pasi. Kama hujui klachi yako ikoje fanya kipimo hiki kwenye tambarare: mwendo 50, gia ya tano, kanyaga mafuta ghafla. Resi zikiruka peke yake spidi isifuate, klachi inateleza.

Fundi kashusha giaboksi. Sahani imebaki nyembamba mpaka ribiti, flaiwili ina madoa ya bluu ya joto. Haki isemwe, klachi ilikuja na gari na sijui mwenye wa kwanza aliitumiaje, kwa hiyo siku zangu nne hazikuanza kuiua, zimeimaliza. Seti nzima, sahani, presha pleti na beringi, 170,000, ufundi 70,000. Jumla 240,000, na huu ndo mlima mkubwa wa mradi wote.

Toka leo klachi naiachia kwa mwendo wa kawaida kabisa, kama sekunde moja. Mguso ukikosea naukosea na nausikia, ndo namna ya kujifunza.

Jumamosi, 10 Agosti

Fupi lakini muhimu. Nilikuwa 80 gia ya tano natoka Mombo kuja Korogwe, lori mbele limewasha taa za kusimama, nataka ya nne, nikaikamata ile rungu ya gia kwa ngumi nzima na kuivuta chini huku naisukuma kushoto. Ikaingia ya pili. Nikaachia klachi, tairi za mbele zikalia, geji ikapita 5,000. Nikakanyaga klachi haraka. Ingekuwa 100 resi zingepita 6,500, hapo unazungumzia kuharibu injini, na kompyuta kukata mafuta resi zikizidi haiwezi kukuokoa maana matairi ndo yanayoizungusha.

Marekebisho: rungu sasa nashika kwa vidole na kiganja wazi. Kutoka tano kwenda nne navuta chini tu, springi ya ndani yenyewe inairudisha katikati. Kwenda pili ndo naisukuma kushoto kwa makusudi. Na kabla ya kuachia klachi namalizia kwa jicho kwenye spidi, je mwendo huu gia hii inauweza? Pili kwangu mwisho ni 60.

Jumamosi, 24 Agosti

Mteremko wenyewe. Mdogo wangu kakaa mbele na karatasi, kila nikikanyaga breki anapiga mstari. Tulikuwa wawili, hakuna mzigo.

Kushuka kwa kwanza (wiki iliyopita) nilifuata kauli ya mzee kama ilivyo, gia niliyopandia ndo niliyoshukia, sehemu kubwa ya tatu. Mistari 131. Harufu hakuna ila rimu ya mbele ukisogeza mkono unahisi joto kali.

Leo nimeshuka na gia moja chini kila pale nilipopandia ya tatu, yaani pili kuanzia juu ya Soni mpaka korongo linaisha, mwendo 30 hadi 40. Mistari 58. Rimu unaweza kuigusa.

Nimempelekea mzee hizo karatasi. Akaziangalia muda mrefu, akasema Bedford na Fuso zina injini kubwa na nyingine zina breki ya moshi (inayobana moshi wa injini ili gari ipungue), zinashika gari hata kwenye gia ya juu kidogo, kigari cha cc 1300 hakina kifua hicho. Kwa hiyo kauli yake bado ni mahali pazuri pa kuanzia, ila kwa gari ndogo kama hizi zetu jiandae kwenda moja chini zaidi.

Kitu kingine nilichojifunza leo ni wapi pa kushushia. Mara mbili nilisubiri mpaka niko ndani ya mteremko, gari imeshafika 55, ndo nikatafuta pili. Ukikanyaga klachi pale gari haijashikwa na kitu, inakimbia, unaharakisha, mguso unakosea. Sasa nashusha gia juu kabisa kabla pua haijainama, hata kama nyuma kuna mtu ananipigia honi. Noah zilinipigia honi sana. Nikipata upana nasogea zinapita.

Na lile la kuokoa mafuta kwa frii naomba nilifute kabisa maana najua wengi wanaliamini. Gari yenye sindano za mafuta za kompyuta kama hii, ukiwa ndani ya gia umeachia pedeli na resi ziko juu, kompyuta inafunga mafuta, injini inazungushwa na matairi bila kunywa. Ukiweka frii inabidi inywe ili isizime. Wanaozima injini kabisa ndo balaa zaidi, breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu halafu pedeli inakuwa gogo, na ukizungusha ufunguo vibaya usukani unajifunga.

Jumamosi, 14 Septemba

Tangu klachi mpya gia ya pili inagoma asubuhi. Ikipoa inakwaruza, ikipata moto inaingia kwa shida. Wiki mbili nilijilaumu mguso wangu, nikarudi mpaka zoezi la uani.

Mzee akanifundisha klachi mara mbili, ile ya malori ya zamani yasiyo na sinkro, zile pete za giaboksi zinazolinganisha kasi ya meno kabla gia haijaingia. Klachi chini, toa gia weka frii, achia klachi, gusa mafuta, klachi chini tena, ingiza gia, achia. Ukiachia klachi ukiwa frii, mafuta unayogusa yanazungusha na meno ya ndani ya giaboksi, siyo injini peke yake, kwa hiyo meno yanakutana yakiwa na kasi moja. Nikaijaribu, pili ikaingia kama kisu kwenye siagi.

Mzee akasema basi tatizo siyo mguu wako, kuna kitu kinazuia sinkro kufanya kazi. Nikarudi kwa fundi kumuuliza aliweka oili gani aliposhusha giaboksi. Oili ya difu (gia za ekseli), daraja la GL-5, nzito. Ile ni ya difu, nzito kwa giaboksi ndogo na ina viungo vinavyofanya pete za sinkro ziteleze badala ya kushika. Tumemwaga, nimenunua GL-4 75W-90 lita mbili 36,000, ufundi hakunitoza. Siku ya tatu kukwaruza kumeisha.

Klachi mara mbili sasa naitumia sehemu moja tu, pili kwenda kwanza gari ikiwa bado inatembea, mfano nyuma ya Fuso ya kabichi inayopanda kwa mwendo wa mtu. Pale bila hiyo kwanza haingii vizuri.

Mpaka leo, ukiacha petroli, mradi umekula 436,000.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kisigino na kidole. Hii ndo ile ya madereva wa mashindano, mguu mmoja wa kulia unakanyaga breki kwa mbele na kugusa mafuta kwa ubavu, kushoto unafanya klachi. Faida yake ni kwamba breki haiachiwi wakati unashusha gia, na kwenye mteremko hilo ni jambo kubwa kweli.

Siku ya kwanza na kandambili, mguu umeteleza nikakanyaga mafuta kabisa. Siku ya pili na viatu vya kazi, soli nene, sihisi pedeli ipi ni ipi. Siku ya tatu raba za soli nyembamba, hapo nikaanza kuelewa. Ila kwenye Starlet pedeli ya mafuta iko chini kuliko ya breki, mpaka ukanyage breki kwa nguvu ndo zinalingana. Ukikanyaga breki kidogo tu kama unavyofanya barabara ya kawaida, ubavu wa mguu haufiki. Nikijinyoosha nifike, breki inaongezeka bila kutaka. Katika majaribio 50 yaliyokaa sawa ni 19.

Uamuzi wangu: nimeiacha kwa barabarani. Ninachofanya ni breki kwanza mpaka mwendo ninaoutaka, naachia breki, mguso, gia, klachi, yote kabla ya kona. Ikinilazimu kushusha ndani ya mteremko nakanyaga breki niipunguze chini kidogo ya ninapotaka, kwa hiyo ile sekunde gari inaponichomoka inarudi pale pale. Kama una gari yenye pedeli zilizo sawa jaribu, ila anza gari ikiwa imesimama.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua za vuli, ukungu mpaka chini ya Soni. Starlet inaendeshwa na tairi za mbele, breki ya injini inashika mbele peke yake, na hizo hizo ndo zinazokata kona. Niliingia kona ya kushoto yenye matope yaliyoshuka mlimani, nikashusha tatu kwenda pili ndani ya kona, mguso mdogo, na pua ikaenda moja kwa moja kama mita mbili kuelekea upande wa pili kabla tairi hazijashika. Hakukuwa na gari inayopanda. Nilitetemeka mikono mpaka Mombo.

Kwenye maji sasa gia inashuka barabara ikiwa imenyooka, mguso nazidisha kidogo kuliko kupunguza, klachi naiachia kwa utulivu, na ndani ya kona siigusi kabisa. Ikianza kuteleza kwa sababu ya gia, kanyaga klachi, tairi zinakuwa huru na usukani unarudi. Nimebadilisha pia tairi mbili za mbele, zilikuwa zimebaki kidogo, 190,000 zote mbili. Hizo sizihesabu kwenye mradi, zilikuwa zamu yake.

Jumamosi, 21 Desemba

Mzigo ule ule wa Juni, nilitaka iwe hivyo. Mama mbele, dada na watoto nyuma, viroba viwili vya viazi, kabichi juu yake. Nilibadilisha fluidi tena wiki iliyopita japo haikuwa na rangi mbaya, nikaongeza upepo wa matairi ya nyuma kwa ajili ya uzito.

Pili kutoka juu ya Soni. Kwa mzigo huu pili peke yake haikutosha sehemu mbili, mwendo ulikuwa unapanda 40, 44, 47, geji inaelekea 3,200. Hapo sikuikalia breki, nilikanyaga kwa nguvu mara moja mpaka 32, nikaachia kabisa zipumue, ikipanda tena narudia. Mdogo wangu hakuwepo, dada ndo kapiga mistari, 74. Kwenye ile kona ya Juni sikukanyaga, resi zilishaishika gari toka juu.

Tumesimama Mombo kununua machungwa. Nimegusa rimu, joto la kikombe cha chai. Dada kauliza kama breki zimekaa sawa. Mama akafungua pochi kutafuta hela ya machungwa, limau lake liko mle ndani zima, hajalitoa toka Lushoto.

Kilichobaki ni Kitonga, kushuka kutoka Iringa kwenda Ruaha Mbuyuni, nina safari huko mwezi wa pili. Ule mteremko una malori mengi marefu na huwezi kuchagua mwendo wako mwenyewe, unakwenda na foleni. Nataka kujua kigari hiki kikikaa nyuma ya semi la mwendo 15 kitahitaji gia ya kwanza kwa muda gani na joto la injini litakuwaje. Nikirudi nitaongeza hapa na namba zake.